Lakica na Sakafu ya Nateete

Lakica hakuwahi kuiamini sakafu ambayo hakuifagia mwenyewe. Tangu alipoolewa na sajenti Olal na kuanza kuhamishwa kambi kwa kambi, Moroto, Masaka, hadi Mbuya, alijua kwamba mwanamke hupimwa kwa sakafu yake. Ofisa aliyekuja kukagua nyumba za askari hakutazama picha ukutani. Aliinama akapitisha kidole sakafuni. Kidole kilichopita kwa Lakica kilirudi safi, na majirani wakanuna. Hata sasa, mjane mwenye chumba na sebule Nateete, Kampala, na meza yake ya odii sokoni, ule ufuta na karanga zilizosagwa pamoja, haingii kwake kabla hajanawa miguu.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeletewa binti mwenye viganja vyeusi.

Binti huyo, Acen, ni askari polisi, mtu mzima mwenye cheo begani. Siku za Jumamosi alianza kurudi nyumbani amechubuka viwiko, vumbi limeshika kwenye nywele alizosukwa vizuri tu juzi. Mama alidhani ni kazi, labda amekurupushana na wezi. Aliposikia kwamba ni brekidansi, aliisukuma sahani kando. Aliwahi kuwaona vijana wa mchezo huo Kabalagala, mbele ya baa, wakizunguka kwa mgongo kama mende aliyepuliziwa dawa, pale pale walevi wanapotema mate. Na mwanawe sasa anaweka mashavu huko.

Lakini uchafu peke yake angeuvumilia, maana sabuni ipo. Siku Olal alipozikwa kwao Kitgum, wanawake wa ukoo walijitupa chini kama ilivyo desturi yao, wakagaagaa hadi wakawa rangi ya udongo. Lakica mwenyewe, na usafi wake wote, aligaagaa. Acen alisimama. Alisimama katika sare, mikono ubavuni, macho mbele, kama mlingoti wa bendera, mpaka kaburi likafukiwa. Mashangazi waliona, wakaguna, na neno hilo halijaisha. Sasa Desemba ni matanga ya mwisho ya Olal, na Lakica alishamwambia binti yake akiwa anaosha vyombo, bila kumgeukia, kwamba hatakaa na watoto wa marehemu. Abaki Kampala alinde benki za watu. Acen alijibu ndiyo mama. Jumamosi iliyofuata akaenda tena kugaagaa.

Hapo Lakica akafunga meza yake mapema, akajitupia leso begani, akamfuata.

Ukumbi wenyewe ulikuwa ghala la zamani la mahindi nyuma ya steji ya taksi. Harufu ilimpokea mlangoni: jasho, soksi, na panya aliyekufa mahali fulani asitafutwe. Katikati walikuwa wametandika plastiki kuukuu, na watu wazima na akili zao wakitembea juu yake kwa mikono, redio ikipiga muziki. Mwalimu, kijana mwembamba aitwaye Byron, kofia ya sufu kichwani na jua lote lile, alimkimbilia kwa heshima kama bibi yake.

"Jajja, karibu. Toa viatu kidogo, hapa watu wanaweka kichwa."

"Ndiyo nimekuja kuona," alisema Lakica. Viatu hakuvua. Akasimama pembeni, leso puani.

Ilikuwa zamu ya wanaoanza. Hatua za wima Acen alizifanya kama gwaride, mguu mbele, mguu nyuma, kifua nje. Mwendo wa Olal mtupu, na Lakica ilimchoma kuuona umepelekwa mahali kama pale. Kisha Byron akawaonyesha kushuka: goti linalegea, mkono unapokea chini, mwili unafuata, halafu miguu inauzunguka ule mkono. Wenzake wakashuka. Acen akafika nusu, magoti yakakaza, akajikuta amesimama wima tena, mikono ubavuni, macho mbele.

"Afande," mmoja akamtania, "hapa hakuna bendera." Wakacheka. Akajaribu tena, akakaza tena.

Lakica ile mikono aliijua.

Mara ya mwisho Acen alifumba macho akajiachia kama gunia. Alitua kwa kiuno, kisha kwa shavu, juu ya plastiki iliyolowa jasho la watu wengine, akabaki hapo. Mama yake akaikanyaga plastiki na viatu vyake hadi karibu na kichwa hicho.

"Baba yako ulimsimamia kama mlingoti," alisema. "Kwa redio unaanguka."

Acen hakuinua uso. "Depo ya mafunzo walitufundisha kusimama tu, mama. Siku ile nilitaka kushuka na nyinyi. Magoti yalikataa." Akavuta kamasi. "Nikasikia huku wanafundisha kushuka."

Byron akaizima redio. Lakica akaangalia chini, maana pa kuangalia pengine hapakuwapo: bazoka iliyotafunwa, nywele zisizo za mwanawe, alama ya kiatu cha nani sijui. Katika kambi zote alizopita hakuwahi kuona sakafu ya kutapisha kama ile. Byron akamletea kitambaa, Lakica akakinusa, akakitupa. Akachuchumaa kwa shida, akaivuta leso yake mwenyewe begani, ile ya kanisani, akamfuta binti yake shavu kwa nguvu, kama mtu anayekwangua sufuria.

"Desemba utakuja," alisema. "Utakaa na watoto. Lakini kule hakuna kuzunguka na miguu juu mbele ya wajomba. Unashuka, basi, unabaki chini."

"Ndiyo, mama."

"Na nywele hizo hazilali kwangu leo bila kuoshwa."

Nje aliuliza bomba liko wapi. Akanawa miguu, akavinusa viatu, akanawa tena. Ile leso aliiacha hapo hapo kwenye ndoo ya taka.