Nyumba Isiyo na Msingi

Wiki iliyopita nilifungua mlango wa karavani iliyosimama nyuma ya nyumba yetu pale Kigera, na ile harufu ikanipokea: mpira uliochomwa na jua, mafuta ya taa, na moshi wa zamani ulioingia kwenye mapazia ukakataa kutoka. Nilikuwa na sababu ya kuifungua, nitawaambia. Lakini kwanza niliketi kwenye ngazi yake, maana harufu hiyo hainiachi nipite bila kunirudisha nilipokuwa na miaka tisa, nikiwa mwenye nyumba.

Ndiyo, mwenye nyumba. Wenzangu wa darasa la tatu walimiliki gololi, mmoja alimiliki kuku. Mimi nilimiliki nyumba yenye madirisha manne na magurudumu mawili, na niliringa kwelikweli.

Baba alikuwa dereva wa greda kwenye kampuni iliyojenga barabara upande wa Bunda. Mainjinia walilala kambini kwenye zile nyumba za bati zinazovutwa na gari, na kambi ilipovunjwa, moja iliyochoka ikaachwa kwenye majani. Baba akaiomba, wakampa. Mama alipouliza ya nini, baba alisema, "Ya mama yako," kisha akatoka nje kabla hajaulizwa swali la pili.

Bibi mzaa mama aliishi Butiama, peke yake na mbuzi zake. Mguuni alikuwa na kidonda cha ugonjwa wa sukari ambacho hakikutaka kupona. Daktari wa hospitali ya Musoma alisema bila kuzunguka kwamba kisiposafishwa kila siku kwa miezi kadhaa, mguu utakatwa. Kwetu palikuwa karibu na hospitali, na kitanda kilikuwepo. Tatizo lilikuwa moja tu: kwetu palikuwa kwa mkwe wake. Kwa watu wetu mama halali chini ya paa la mume wa binti yake. Hawagusani, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mmoja hupita majanini. Mchungaji wa kanisani alikwenda kumsihi, akarudi na jibu lake: "Nimebatizwa mimi, lakini miguu yangu bado inajuaga pasipokanyagwa." Mama akamtafutia chumba cha kupanga mtaa wa Mukendo. Hapo bibi alikasirika. Binti yake ana mji, kwa nini yeye akalale kwa watu kama msafiri?

Ndipo baba akaikumbuka ile karavani. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Nyumba isiyo na msingi si nyumba, na kisicho nyumba hakina paa la mkwe.

Jumamosi moja tulikwenda kuivuta, baba na mimi, kwa trekta la kuazima, tumchukue na bibi njiani. Mama alibaki kuandaa mahali pa kuiweka. Mimi nilichukuliwa kwa kuwa baba alihitaji mdomo: hakuruhusiwa kusema na mkwewe ana kwa ana. Kutoka Bunda aliacha lami, akashika njia ya vumbi inayopanda na kushuka vilimani, kwa sababu tulikwenda mwendo wa konokono na hakutaka kugombana na mabasi. Nilikaa juu ya bati linalofunika gurudumu la trekta, meno yakigongana, nikitazama karavani ikitufuata kwa kuyumbayumba. Baiskeli zilitupita. Baba akasema, "Mwenda pole hajikwai," na mwenye baiskeli mmoja aliyebeba mkaa akacheka mpaka akakaribia kuanguka.

Bibi alikuwa amekaa uani kwake Butiama, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, kitambaa cha kidonda kimelowa. Baba alisimamisha trekta mbali, akashuka upande wa pili, akajificha nyuma ya gurudumu kubwa, mgongo akiupa ua. Kulikuwa na hatua kama ishirini kati yao na kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri sana, lakini maneno yote yalipitia kwangu.

"Mwambie bibi yako tumemletea mahali pa kulala," baba alisema.

Nikamwambia.

"Muulize baba yako nyumba hii ni ya nani."

Baba akakuna shingo. "Mwambie haina msingi."

"Mwambie baba yako," bibi alisema, "hata kobe hana msingi, lakini lile gamba ni la kwake. Kama nyumba ni ya mkwe wangu, mimi sipandi. Mkwe halalagi kwa mkwe."

Mbuzi mmoja alianza kulamba gurudumu la karavani. Nilitazama kile kitambaa mguuni, nzi wakikizunguka, nikaogopa. Nilikwisha kuwaza bibi mwenye mguu mmoja, na nilimpenda akiwa nayo yote miwili. Baba naye alikuwa ametoka mbali. Nilimwona akiinamisha kichwa, kisha akachomoa ufunguo kwenye mkanda wake, akanishika kiganja na kuufungia humo vidole vyangu.

"Mwambie nyumba si yangu. Ni yako."

"Ni ya bibi?"

"Ni yako wewe."

Nilikimbia uani nikapiga kelele kwamba nyumba ni yangu. Bibi alinitazama, kisha akautazama ufunguo. Tangu nizaliwe alikuwa akiniita mume wangu, kama bibi wote wanavyowatania wajukuu wao wa kiume.

"Ya mume wangu?" alisema. "Sasa si mngesema mapema. Kwa mume wangu nitalala."

Akamkabidhi jirani mbuzi zake na akapandishwa na akina mama wa pale, pamoja na godoro, sufuria tatu na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Mimi niliketi naye ndani, maana mwenye nyumba hawezi kukaa nje ya nyumba yake.

Mbele ya Butiama kulikuwa na mahali ambapo njia ilipanda katikati ya majabali mawili marefu, na juu yake miti ilishikana. Kwenye kitabu chetu cha shule kulikuwa na picha ya handaki linalopita ndani ya mlima, na mimi nilikuwa na hakika kwamba handaki lenyewe ni hili. Tulipoingia, ndani ya karavani kukawa giza, matawi yakakwaruza paa kwa sauti ya kutisha, na kuku akaanza kulalamika. Kisha gurudumu moja likatumbukia mtaroni. Karavani ikalala upande, sufuria zikaviringika, trekta likazima.

Baba aliweka mawe nyuma ya magurudumu, akaja mpaka mlangoni. Alisimama akitupa mgongo.

"Mwambie bibi yako lazima ashuke, ndipo niweze kuitoa."

Ngazi ilikuwa juu sana kwa mguu ule, na mimi nisingeweza kumbeba. Hapakuwa na mtu mwingine. Bibi alifika mlangoni, akashika fremu, akasita. Kumshika mkwe wake hawezi, kuruka hawezi. Nilianza kulia.

Ndipo baba, bila kugeuka, akachukua koleo, akaupitisha mpini wake juu ya bega mpaka mlangoni, chuma chake akakishika kifuani kwa mikono miwili. Bibi aliutazama ule mpini kwa muda. Kisha akaushika. Akateremsha mguu mzima, halafu mbovu, uzito wake wote ukiwa juu ya bega la baba, mpini tu ukiwa kati yao. Baba hakusogea hata kidogo. Niliona jasho likimshuka shingoni.

Alipokaa juu ya jiwe bibi alivuta pumzi. "Mwambie baba yako," alisema taratibu, "ana bega zuri."

Sikuwa na haja ya kumwambia. Masikio yake yalikuwa yamesimama.

Tulifika Kigera jioni, na bibi alikaa nyumbani kwangu miezi saba. Kila asubuhi mama alimpeleka kusafishwa kidonda, na mguu ukapona. Nami niliwatesa watu: hakuna aliyeingia bila kunibishia hodi, na mama mwenyewe nilimwambia afute miguu. Jambo moja tu liliniumiza. Siku moja mvua kubwa ilinyesha baba akiziba paa la karavani. Alishuka, akasimama nje ya mlango, maji yakimtiririka. Nikamwambia, "Baba ingia, ni kwangu." Akatikisa kichwa. Nilikaa siku nyingi nikidhani ameinunia nyumba yangu kwa kuwa ni ndogo.

Bibi alirudi kwake kwa miguu yote miwili na akaishi miaka mingi. Mimi nikakua, nikaoa binti wa Bunda, nikabaki kwenye ua uleule na wazazi wangu.

Sasa ile sababu. Mama wa mke wangu anaumwa macho, na daktari wake yuko Musoma. Mke wangu alisema mambo hayo yamepitwa na wakati, chumba kipo. Mama yake akajibu kwenye simu, "Kwa mkwe? Hapana, mwanangu." Basi nilisafisha karavani, nikamwita binti yangu wa miaka minane, nikamfungia ufunguo kiganjani. Aliniuliza kama ni yake kabisa. Nikasema kabisa. Jumatatu mkwe wangu aliingia akicheka, akiongozwa na mwenye nyumba aliyenyoosha shingo kama twiga.

Leo mvua imenyesha na paa limevuja. Nimelipanda, nimeziba, nimeshuka nikiwa nimelowa chapachapa. Binti yangu amefungua mlango, harufu ile ikatoka pamoja na ya chai ya tangawizi. "Baba ingia, ni kwangu," amesema. Nimetikisa kichwa, na nimeona uso wake ukisinyaa vilevile kama wangu ulivyosinyaa. Sikuwa na namna ya kumweleza kwamba kuna watu unaowapenda kwa kubaki nje.

Nimegeuka. Barazani baba yangu, mzee sasa, alikuwa akinitazama muda wote huo. Amevuta kiti cha pili, akakiweka kando ya chake.