Niliandika niko Nairobi, kumbe kazi ilikuwa inatafuta mtu wa Kitale

Wakuu, niaje. Leo sina udaku wa mtu. Hii ni yangu mwenyewe na sijaongeza chumvi.

Mimi hupima mahindi. Lori likifika store, nachoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye ncha, natoa sampuli, napima unyevu na aflatoxin, ile sumu ya kuvu, kisha nasema mzigo uingie ama urudi. Nimefanya hivyo miaka minne hapa Kitale.

Juzi tukaambiwa store inafungwa msimu ukiisha.

Nilichanganyikiwa. Mama yangu kule Kabuchai ameshatangazia kanisa zima kwamba bintiye ni mwanasayansi. Nirudi nyumbani nimwambie nini?

Profile ya kazi mtandaoni nilikuwa nayo zamani, lakini walionitafuta ni wauzaji wa kozi za forex tu. Pale juu nilikuwa nimeandika: "Hardworking, God-fearing, ready for any job."

Location: Nairobi.

Msinicheke. Niliona recruiter gani atahangaika na mtu wa Kitale? Class yetu karibu wote wameandika Nairobi, na wengine wako Endebess wanakama ng'ombe.

Dada yangu Nekesa, anayefanya kazi ya ofisi na kuishi Kanduyi, alikuja kunitembelea, akachukua simu yangu akasoma.

"Any job ndio kazi gani? Mtu akitaka mpimaji wa mahindi, si ata-search hayo maneno? Wewe umeandika unaogopa Mungu. Ni nani ana-search hiyo?"

Iliniuma, lakini alikuwa sawa. Tukabadilisha kichwa kikawa "Grain Quality, Moisture and Aflatoxin Testing." Tukataja mashine ninazotumia, na kazi ya kila siku kwa maneno ambayo mwajiri angeandika akitafuta. Picha ya harusi, yenye mkono wa mtu begani, tukaitoa.

"Na hii Nairobi?" akauliza.

"Wacha hiyo, bana."

Baada ya wiki mbili, message ikaingia. Recruiter wa kampuni ya kusaga unga, Bungoma. Alisema profile yangu imemfurahisha, ila ana wasiwasi kama ningekubali kutoka Nairobi nihamie huko. Walikuwa wametafuta mtu wa Kitale ama Bungoma wakakosa.

Wakuu, nilikaa chini.

Hapo ndipo ningesema ukweli. Badala yake nikajibu, "I am willing to relocate." Kuhama kutoka wapi, jameni?

Siku ya interview nikaenda Bungoma. Yule recruiter, kumbe ni mama, alinikaribisha vizuri sana.

"Pole na safari. Nairobi umetoka saa ngapi?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Nikashindwa.

"Madam, nimetoka Kitale. Nairobi sijawahi kuishi. Niliandika hivyo nikidhani mtanidharau."

Akaweka kalamu chini.

"Sasa niambie. Lori la mtu unamjua likuje na mahindi mbaya, ripoti yako nitaiamini aje?"

Nilimwambia tu kwamba nimewahi kurudisha lori la mjomba wangu, na hadi leo hatusalimiani. Hiyo ni kweli kabisa.

Akaandika kitu. "Tutakupigia."

Leo ni siku ya tisa. Simu ikilia naruka, kumbe ni Nekesa anauliza kama wamepiga.

Nilichojifunza: andika kazi yako kwa jina lake, ndio anayekutafuta akupate. Na andika mahali uko. Mimi nilijificha watu waliokuwa wananitafuta wasinione, halafu nikalalamika sionekani.

Location nimebadilisha.

Nyinyi mnaoajiri watu humu, semeni bila kunionea huruma: mngekuwa yule mama, mngenipigia?