Sifuri Niliyoiandika Mimi

Nilikuwa nikijisifu kwa kila aliyekubali kunisikiliza kwamba simu ya bei poa inaweza kusoma malaria. Ukweli ni kwamba simu yenyewe haisomi kitu, inamtwisha mzigo jirani yake. Katika zahanati moja ya Mtoni nilifunga kompyuta chini ya meza ya maabara. Mtaalamu alipiga picha ya damu kwenye hadubini, simu ikairusha kwa kompyuta, kompyuta ikahesabu vimelea na kurudisha jibu.

Mtaalamu huyo alikuwa mama mtu mzima, aliyesoma damu kwa macho tangu mimi niko chekechea. Kila alipotaka kuhakikisha mwenyewe, nilimtania.

"Mama, hayo macho yastaafu sasa. Iamini simu."

Alicheka tu. Nami nilijiona mjanja kweli.

Asubuhi moja yuniti za umeme ziliisha, kompyuta ikazima. Hadubini yao ilitumia mwanga wa dirishani na simu ilikuwa na chaji, kwa hiyo kazi iliendelea. Na mimi, kwa uvivu, nilikuwa nimeandika mstari kwenye programu ya simu kwamba jibu la kompyuta lisiporudi, hesabu ibaki sifuri, nitarekebisha baadaye. Kwangu Kinondoni niliijaribu programu hiyo kompyuta ikiwa imewashwa siku zote. Basi simu ikamwonyesha mama: vimelea sifuri. Mtoto wa muuza samaki akarudishwa nyumbani na dawa ya homa. Kesho yake aliletwa akiwa na degedege. Alipona, namshukuru Mungu mpaka leo.

Niliitwa. Mganga mfawidhi alimhoji mama mbele ya mzazi wa mtoto.

"Kwa macho niliviona kama viwili vitatu, dokta. Simu ikasema hamna, nikajua ni uzee wangu."

Simu ilikuwa mkononi mwangu na kosa nilishaliona. Nilichosema ni kwamba ngoja nikaangalie mfumo. Mama akamwomba radhi mzazi, akainamisha kichwa. Wiki hiyohiyo walimtoa maabara wakamweka dirisha la kuandikisha wagonjwa. Nilirekebisha ule mstari kwa dakika chache, na kwenye ripoti nikauita maboresho. Naona aibu hata kuandika haya.

Siku ya kukabidhi ripoti alinisindikiza hadi getini.

"Nisamehe mwanangu," aliniambia. "Nimekuharibia kazi yako."

"Usijali, mama," nikamjibu.