Saa Zake na Saa Zangu

Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu nilikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi Ifakara, mume wangu akiwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha sukari huko Kidatu. Wote tulifanya kazi kwa zamu. Akiwa huru, mimi niko wodini. Nikitoka, yeye ndiyo anavaa buti. Watu walituita bwana na bibi harusi bado, na mimi nilikuwa nimeanza kusahau anavyocheka.

Nilikuwa nimejiandikisha kozi ya kompyuta, na mwalimu alitutaka kila mmoja atengeneze kanzidata ya jambo la maisha yake. Wenzangu walihesabu kuku na magunia ya mpunga. Mimi nilitengeneza majedwali mawili, moja la zamu zangu na jingine la zamu zake, ili programu ipige hesabu ya tarehe na saa initafutie muda ambao sote tuko huru na tuko macho. Zamu zangu nilizinakili kutoka kwenye ratiba ya wodini. Zake alinitumia kwa ujumbe wa simu, nami nikaziingiza kama zilivyo.

Programu ikanipa Alhamisi, kuanzia asubuhi. Nilifurahi kama mtoto. Nikampigia: “Alhamisi njoo, programu imesema.” Akasema atapanda basi akishatoka tu.

Siku hiyo nilipika wali na kambale wa nazi, nikasuka nywele, nikakaa mlangoni. Mchana ukapita. Simu haipokelewi. Mimi hasira zangu ziko karibu, na kufikia alasiri nilikuwa nimeshagombana naye kichwani na kumrudisha kwao. Alipoingia, jua lilikuwa linazama na mimi nafunga vifungo vya sare niende kazini.

“Ulikuwa wapi?”

“Kazini, mke wangu. Si nilikuandikia Alhamisi natoka saa nane?”

Nilikaa kitandani na kiatu kimoja mguuni. Yeye aliandika nane, akimaanisha saa nane ya mchana, kama mtu yeyote wa kwetu. Mimi niliyezoea ratiba ya wodini, ambako saa nane mchana huandikwa kumi na nne, nikaingiza nane hiyohiyo, na programu ikaamini anatoka saa mbili asubuhi. Akanisindikiza hadi geti la hospitali akiwa amebeba hotpoti ya wali. Nililia kidogo, nikajifuta, nikaingia kuzalisha.

Siku ya mapumziko nikasahihisha. Saa zake za mchana nikaziongezea sita, za usiku kumi na nane. Zamu za usiku, zinazoanza leo na kuisha kesho, nikazipa tarehe mbili ili hesabu isitoke hasi. Halafu nikauliza tena. Jedwali likaja tupu, mwezi mzima, hakuna hata mstari mmoja. Safari hii programu haikuwa imekosea, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikampigia nikamweleza.

“Hebu niambie, uliiuliza nini hasa?”

“Lini hauko kazini, lini siko kazini, lini sote tuko macho.”

“Toa hilo la kuwa macho.”

“Nikitoa itasaidia nini? Tukutane tukorome?”

“We toa tu.”

Nikafuta sharti hilo. Mistari ikajaa: asubuhi baada ya asubuhi, sote tumetoka zamu ya usiku, programu ilikuwa ikiziruka kwa sababu niliiambia kwamba kutwa nzima baada ya zamu ya usiku ni saa za kulala.

Asubuhi ya kwanza alishuka kwenye basi macho mekundu, ana harufu ya molasi. Mimi nilinuka dawa. Nilitaka tuzungumze, nilikuwa na mambo ya miezi. Akashusha chandarua, akasema, “Lala.” Tukalala.

Niliamka kabla yake. Alikuwa ameshika upindo wa khanga yangu kwa mkono wenye grisi kwenye kucha, anakoroma taratibu, na nilimpenda kuliko siku ya harusi. Nikakaa hivyo namtazama hadi muda wa basi lake ukakaribia. Nikamgusa bega. Akafumbua macho, akauliza kama amechelewa.

Baada ya basi lake lilikuwapo jingine, la mwisho. Nikamwambia saa zimebaki nyingi, na akalala tena.