Mwanga wa Rukia ulipotea njia, nikauona

Nyie mnaosema bibi hajui kitu, njooni hapa nina maneno nanyi.

Leo asubuhi, hapa hapa mtaani kwetu Najma, mjukuu wangu Rukia kakaa mezani na rula, machozi yanamlenga. Anasomea ufundi wa nyaya za intaneti, zile zenye uzi wa kioo ndani. Kaambiwa achore njia ya mwanga ndani ya ule uzi, unavyogonga ukuta huu na kurudi ukuta ule mpaka utokee mwisho. Saa nne aupeleke mchoro darasani.

Mwanga wake unatokea pasipotakiwa.

Nikasogea, nikatazama.

"Hapa umepotoa."

"Bibi, hii jometri."

"Sijakuuliza jina lake."

Shule mimi niliishia la pili. Lakini mikeka nimesuka tangu meno ya utoto hayajaisha kung'oka. Mwaa, ule ukindu tunaosukia, ukifika ukingoni, ulivyoinama kuja ndivyo unavyoinama kurudi. Ukikosea mara moja, kazi yote inakwenda upande. Na mstari wa Rukia, pigo la tatu, ulikuja umelala ukarudi umesimama.

Kapima pembe. Kafuta, kachora upya, ukatokea panapotakiwa.

Mchana kanipigia simu. Mwalimu alimuuliza kosa kaligunduaje, naye akajibu mbele ya wenzake wote: "Bibi yangu, msusi wa mikeka, ndiye aliyeliona."

Hakuona haya kunitaja. Nililia kidogo, na asiniulize mtu.

Haya, nyie wenye wazee ndani, mmeshawahi kuwaonyesha kazi zenu? Nijibuni hapa chini, na msinidanganye.