Mgeni Aliyekula Mkate wa Salma

Hili nnalokuhadithieni limenikuta mimi mwenyewe, mchana, na macho yangu mazima. Sikuhadithiwa na mtu. Nnajua nyinyi wajukuu zangu mkishasoma mnaona wazee wote tunaropokwa. Haya, oneni hivyo. Lakini tangu nilipokusikieni mnapanga kupanda mlima ule wa njia ya Qantab, na mabegi yenu na fimbo zenu za kukunja, sipati usingizi wa maana. Kaeni. Kahawa ipo.

Nilikuja Maskati baada ya Mapinduzi, kijana, sina mbele wala nyuma. Shangazi yangu, Bi Zuwena, akanipokea nyumbani kwake Matrah. Yeye alikuwa karudi zamani kutoka Unguja. Mtoto wake wa pekee, Nassor, alikufa kwa homa kabla mimi sijafika, kwa hivyo sikuwahi kumuona hata siku moja. Aliacha mjane, Salma. Ndiyo, Salma huyo huyo bibi yenu aliye jikoni sasa hivi. Msijifanye hamjui kama mimi ni mume wake wa pili. Eda ilipokwisha, shangazi akaona bora asitoke nje ya nyumba, akaniposea. Na mimi nilikuwa nishamfia kitambo. Nikimsikia anatwanga hiliki uani, chai hainipiti.

Sasa mlima. Tukipanda mimi na rafiki yangu Mbarak, ambaye mama yake ni mtu wa Qantab na njia za juu kazipita tangu mdogo. Siku za joto hapapandiki, jiwe linakuunguza mpaka ndani ya kiatu. Tukingoja baridi. Na baridi ya huku ina vituko vyake: mchana mfupi, mawe yakirowa yanateleza, na mvua ikinyesha juu, maji huteremka bondeni kwa ghafla hata kama wewe ulipo kuna jua. Kwa hivyo kila safari tulikaa jioni kabla tukaipanga. Kilele gani, kiriba cha maji abebe nani, mawingu yamelala upande wa Darsait au wa baharini. Tena lazima uwe ushashuka kabla malango hayajafungwa, maana mji wakati ule ulikuwa ukifungwa usiku, na ukibaki nje shauri yako. Mkiniuliza nilikuwa nikitafuta nini huko juu, ntakwambieni kweli: nilidhani nikifika juu sana ntaiona Unguja. Chekeni tu.

Siku hiyo wingu likatukuta karibu na kilele. Likashuka kama mtu kakuvika shuka, huoni hata mguu wako. Mbarak akasema, "Kaa hapa hapa usitikisike, mie nashuka kidogo nikatizame bonde kama lina maji." Akaenda. Mimi nikakaa juu ya jiwe, nikafungua mkate wa ufuta alionipa Salma asubuhi. Mara nikasikia vikokoto vinalia, mtu anatembea. Nikafanya nini? Nikafanya lile ambalo nyinyi nyote mngelifanya, ambalo mama zetu walitufundisha kabla hatujaota meno. Niko nakula, mtu anapita. Nikasema, "Karibu."

Akaja akakaa. Mwanamme wa makamo yangu, kanzu chafu, miguu mitupu kwenye baridi ile. Nikamkatia mkate. Akatafuna taratibu, kisha akasema kwa Kiswahili cha kwetu, "Salma bado anazidisha hiliki."

Niaminini, sikushtuka. Sasa ndiyo nashtuka kila nikikumbuka. Nilijisemea huyu jamaa wa familia, yuko Qantab, hatujajuana tu. Watu wetu walikuwa wametapakaa kila pembe miaka ile, kila siku unakutana na binamu mpya. Nikamwambia, "Mila yake hiyo, hasikii la mtu." Akacheka kidogo. Akasema huko aliko chakula hakina chumvi. Nikadhani analalamikia mkewe.

Akaniuliza, "Eda kashamaliza?"

"Kashamaliza, alhamdulillahi."

"Kaposwa?"

Na mimi, kwa ujinga wa furaha, nikajipiga kifua. "Nshamposa mimi. Harusi karibu, uje."

Akauweka chini mkate uliobaki. Akanitizama, si kwa hasira, bora ingekuwa hasira. Akasema, "Lakini mimi sijamuacha."

Nikawa namtizama tu, maneno nayasikia, maana yake haiji. Hajamuacha nani? Kuacha vipi? Wingu likapita baina yetu, zito. Lilipopasuka, jiwe alilokalia lilikuwa jeupe, halina mtu.

Mbarak aliporudi nikamwambia yote. Uso ukamwiva. "Ulimwambia karibu? Yakhe, mlimani humkaribishi mtu usiyemuona." Ndipo akanieleza habari za mughayyab. Watu wa huku wanasema mchawi akimtaka mtu humfanya aonekane kafa; nyinyi mnaosha, mnasalia, mnazika, kumbe mwenyewe kachukuliwa, yuko milimani anatumikishwa. Njia nzima ya kushuka nilikuwa na swali moja tu. Kama Nassor yu hai, Salma ni mke wa mtu. Mimi namuoa nani?

Nikaenda kwa shekhe wa mtaa wetu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimemuosha mimi, kwa mikono hii. Kafa. Oa, usitie watu wasiwasi." Nikashusha pumzi. Nikatoka nje, nikamkuta Mbarak ananingoja, akaninong'oneza kuwa yeye alilibeba jeneza la Nassor na lilikuwa jepesi mno. Wasiwasi ukanirudia pale pale. Shangazi nilipomgusia alilia tu, akasema uso hakuuona, walimzuia. Sasa wewe ungeshika la nani?

Salma hakulia. Aliniuliza jambo moja: "Mkate aliumaliza?"

"Alibakisha kipande."

Kisha akasema, "Rudini mkamuulize. Nikiwa mjane nijue, nikiwa mke wa mtu nijue. Siwezi kuwa baina."

Basi tukapanga safari nyengine, na sijapata kupanga safari kama ile. Talaka inataka mashahidi, kwa hivyo tukamtia jirani mmoja, mtu mzima anayeaminika, mashahidi wakawa yeye na Mbarak. Na wingu tulilokuwa tukilikimbia siku zote, sasa tunalingoja. Likikaa juu ya kilele, tunasema bado, halijawa zito. Siku lilipokuwa zito tukapanda, tumeshikana mikono, jirani anasoma Ayatul Kursiyyu njia nzima. Tukakaa pale pale. Nikafungua mkate, nikasema karibu. Nikasema tena. Nikapiga kelele mpaka koo likakauka: "Nassor, kama humtaki muache, kama unamtaka rudi." Mlima ukanirejeshea sauti yangu mwenyewe. Tukasogea kwenda kusali adhuhuri, tuliporudi mkate haupo. Mbarak akasema mbuzi. Jirani akasema mbuzi gani katika wingu hili. Mpaka wanakufa hawakusikizana.

Nilimpelekea Salma habari hizo hizo, mbuzi na yote. Alikaa nazo baridi nzima. Joto lilipoingia akamwambia shangazi, "Mwiteni shekhe." Tukaoana. Nimezaa naye wazee wenu, tumejenga, tumezeeka. Lakini sijapata siku moja ya kuwa na hakika. Mtu akipiga hodi alasiri ya mvua, mimi ndiye ninayekwenda kufungua, simwachii mtu. Na yeye, wingu likishuka mlimani, hupanda darini. Namkuta kasimama, kajitanda kanga, anatizama kule. Sijamuuliza anatizama nini. Naogopa ataniambia.

Kwa hivyo nakuambieni, msipande. Iko milima chungu nzima. Lakini nakujueni, mtapanda tu. Basi ikiwa wingu litakukuteni huko, na akaja mtu miguu mitupu akaulizia habari za nyumbani, msimkimbie. Muulizeni kwa adabu kama kamuacha bibi yenu. Akisema kamuacha, shukeni mbio mje mniambie, hata kama mtanikuta nasali. Na akisema bado, basi kufeni na neno hilo, msilitoe kwangu wala kwake. Mimi nishazoea kutojua. Lakini yeye namjua: magoti yake hayo mabovu, na bado atajifunga kanga, apande mlima.