Kiti Kilichokaa Nyumba Mbili

Nikinusa ngozi iliyopakwa mafuta, hata iwe ya viatu vipya dukani, narudi moja kwa moja Mtwara, kwenye sebule ya mama mdogo kule Majengo, na kabla sijakumbuka sura ya mtu yeyote nakumbuka wivu. Sisemi wivu wa kugombea kipande cha muhogo, ule unaokwisha muhogo ukiliwa. Wangu ulikuwa na mahali pake pa kukaa, ulikuwa na mgongo na mikono miwili, na ulikuwa ukizunguka. Nilikuwa msichana wa darasa la nne, na sijui kama tangu siku hizo nimewahi kukitamani kitu chochote kama nilivyokitamani kiti kile.

Baba yangu alikuwa dereva, na alikuwa na wake wawili. Mama yangu, mke mkubwa, alizaliwa Mikindani na nyumba yetu ilikuwa Chikongola. Mama mdogo alitoka Kitaya, kule kwenye mto Ruvuma, naye baba alimjengea Majengo. Baba alilala siku mbili kwetu na siku mbili kwao, na sikumbuki hata mara moja kumwona akinunua kitu kimoja. Khanga zilikuja doti mbili za rangi moja, ili asipatikane wa kusema. Sufuria zilikuja mbili, taa za chemli mbili. Akipewa samaki mkubwa alimpasua kwa urefu, kuanzia kichwani hadi mkiani, ili kila nyumba ipate jicho lake. Madereva wenzake walimtania kwamba siku moja atapasua na gari. Yeye aliwajibu kwamba siku ya hesabu ataulizwa yeye, hakuna hata mmoja wao atakayeitwa kumsaidia kujibu. Mimi na Somoe, binti wa mama mdogo, tuliachana miezi michache tu kwa kuzaliwa, na hata magauni yetu ya Idi yalikatwa kwenye jora moja. Ndiyo maana tulijuana vizuri sana. Kila mmoja alijua kwa hakika mwenzake ana nini.

Miaka ile ya mwanzo ya sabini baba alikuwa akimwendesha mhandisi mmoja kutoka Denmark aliyekuja kwa kazi za barabara. Mhandisi alikaa Shangani, katika nyumba aliyoichora mwenyewe, na watu walikuwa wakipita njia ya mbali kusudi waishangae. Paa lake liliegemea upande mmoja tu, kama kofia iliyovaliwa kwa maringo. Ukuta wa kuelekea baharini haukuwa ukuta, ulikuwa vipande vyembamba vya vioo vilivyofunguka na kujifunga kwa pamoja kama mashavu ya samaki. Gari lake lilitoka Ufaransa, refu na limelala chini, na baba akiliwasha lilijiinua lenyewe, nyuma kwanza kisha mbele, kama ng'ombe anavyoamka. Watoto wa Shangani walikuwa wakisubiri asubuhi nzima kuliona linaamka. Nami nilikuwa mtoto wa dereva wa gari lile, na nilitembea kwa namna hiyo.

Mara moja tu niliingia ndani ya nyumba ile. Mama alikuwa amemwokea mke wa mhandisi mkate wa kumimina, na baba akanichukua niupeleke mwenyewe kwa sababu nilikuwa na adabu ya kusalimia. Nilisimama mlangoni na sinia langu nikaona mambo ambayo nilikuja kuyasimulia hadi watu wakachoka. Taa haikuning'inia katikati ya dari kama taa za watu. Ilisimama pembeni, juu ya chuma kirefu kilichopinda kutoka ukutani hadi juu ya meza, na kioo chake kilikuwa cheupe kama yai. Makabati yalikuwa yamezama ukutani. Na chini ya taa ile, kando ya meza, kulikuwa na kiti cheusi cha ngozi, kilichotengenezwa kwa mbao nyembamba zilizogandishwa tabaka juu ya tabaka na kukunjwa kama mtu akunjavyo kiganja achote maji. Mhandisi alikuwa amejilaza humo akisoma gazeti. Mbele yake palikuwa na kiti kingine cha namna ileile, kidogo, kisicho na mgongo, na juu yake binti yao mdogo alikuwa amekaa anakula chungwa. Niliporudi nyumbani nilimweleza mama kwamba wazungu wale humtengenezea mtoto kiti kinachofanana na cha baba yake, na mama akasema hayo ndiyo malezi.

Basi kazi ya barabara ilipokwisha, mhandisi alifunga mizigo yake, na siku ya kuagana alimwambia baba achukue kiti kile na mwenzake. Baba hakulala kwa furaha, na nadhani hakulala pia kwa mashaka, maana hakuwahi kupewa kitu ambacho hakiwezi kupasuliwa kwa urefu. Vilikuja kwa mkokoteni, na siku ile ilikuwa zamu ya Majengo, hivyo mkokoteni ulipita kwetu haukusimama. Kesho yake alikuja Chikongola amebeba kile kidogo begani. Alimweleza mama hesabu yake kwa upole: kwetu tayari kulikuwa na kiti chake cha uvivu, kile cha turubai, na kwa mama mdogo hakikuwapo cha kukalia baba mwenye nyumba. Sasa kila nyumba ina kiti cha baba. Hiki kidogo, kwa kuwa ni cha mtoto, kimekuja kwetu kuwa nyongeza. Mama alikipangusa vumbi kwa ncha ya khanga, akashukuru, akakiweka chini ya dirisha. Mimi nilikikalia kwa ajili ya baba tu. Alipotoka nililia hadi nikapata kwikwi.

Tangu siku hiyo niliijua njia ya Majengo kwa miguu yangu kuliko njia ya chuoni. Nilikuwa nikizua sababu, leo kuazima kinu, kesho kuuliza kama baba amesahau kofia yake. Kiti kilikuwa sebuleni, kimeelekezwa mlangoni ili mpita njia akione. Ndugu zake mama mdogo walikuwa wakija kutoka Kitaya vita vya ng'ambo ya mto vilipozidi kelele, nao walikikalia mmoja baada ya mwingine, wakizungushwa na Somoe kama bembea. Mimi pia alinizungusha. Nilipokuwa juu yake, mgongo wangu mzima ukiwa umeshikwa na ule ubao, nilimchukia Somoe kwa moyo wangu wote, na aliponiuliza kama kile kidogo cha kwetu nacho kinazunguka nilimwambia kwamba kinazunguka vizuri zaidi. Hakikuzunguka hata kidogo. Yeye alijua, na akatabasamu tu, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kunicheka. Nilihisi, na mpaka leo naamini, kwamba baba alianza kuchelewa kuondoka Majengo zamu yetu ilipofika. Alikuwa akija mchana badala ya asubuhi. Kwenye turubai lake la kwetu alikuwa akijigeuzageuza kama mtu aliyekalia mchanga.

Baba alihamia lori la korosho. Msimu ule, kwenye foleni ya bandarini, gunia liliteleza likamwangukia goti. Mganga wa hospitali alimfunga bandeji na kumwambia mguu usining'inie, ukae juu mchana kutwa. Ilikuwa zamu yetu. Mama alimketisha kwenye kiti cha uvivu, akatafuta cha kuweka mguu, akavuta kile kiti cha mtoto. Kilikuwa kirefu mno kwa turubai lililozama, mguu ukawa juu ya kichwa, na baba akaguna. Lakini nilimwona mama ameinama, anaitazama ngozi ya kiti kile palipoangukia kisigino. Palikuwa na alama mbili zilizobonyea, za zamani, si za makalio ya mtoto. Alizipitishia kidole, akatazama namna kilivyoinamia upande mmoja, kisha akakaa kitako sakafuni.

Zamu yetu ilikwisha na baba akapelekwa Majengo kwa gari la jirani. Huko goti likavimba zaidi, homa ikaja, na mganga akakataza asisogezwe. Siku zetu zikafika, zikapita. Zikafika tena, zikapita. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe zamu ilivunjika, na majirani wa Chikongola walianza kumpa mama pole kwa sauti ambayo haikuwa ya mgonjwa. Yeye alipika uji, akautuma, akaswali. Mimi sikunyamaza. Nilimwambia kwamba kiti kimemteka baba, na kwamba kama kingekuwa kwetu tangu mwanzo mgonjwa angekuwa kwetu sasa hivi.

Asubuhi moja alikunja kata ya khanga, akaiweka kichwani, akakiinua kile kiti cha mtoto akakiweka juu yake. Nilimshika nguo. Nilimwambia ndicho tulichobakiwa nacho, akikipeleka wao watakuwa na vyote na sisi tutakuwa na dirisha. Alinitazama, mikono yake ikiwa juu imeshikilia miguu ya chuma, akasema, "Hiki si cha mtoto, Hadija. Hiki ni cha miguu." Halafu akatoka nacho hadharani, mke mkubwa mchana kweupe, barabara nzima ikimtazama, nami nyuma yake nikitembea kwa hasira.

Tulimkuta baba kwenye kiti cheusi, mguu umewekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na mto juu ya ndoo. Mama mdogo alisimama haraka, na nilimwona amekonda. Mama alisalimia, akaiondoa ndoo, akakisukuma kile kidogo mpaka kikagusana na kikubwa, akauinua mguu wa baba kwa mikono miwili akaulaza. Ule mteremko wa kiti ulipokelewa na ule wa kigoda kile, na mguu ukanyooka kama umechorewa pale. Baba alifumba macho. Alitoa pumzi ndefu ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu bandarini.

"Dada," mama mdogo akasema taratibu, "kumbe vilikuwa kitu kimoja."

"Vilikuwa kimoja," mama akajibu. "Sisi ndio tumevigawa."

Wakaenda uani wote wawili kuchambua mchele. Niliwasikia wakizungumza, mara ya kwanza wakizungumza bila baba kuwa ndiye habari. Somoe na mimi tulibaki tumesimama pande mbili za kiti kilichotimia. Kilikuwa kizuri sana kutazama, kikubwa na kidogo pamoja, kama nilivyoviona Shangani chini ya taa. Somoe akaweka mkono juu ya kile kidogo, kile changu, akauacha hapo. Nilitamani kumng'ata.

Baba alipona, akabaki na kuchechemea kidogo. Jambo la kwanza alilofanya alipoweza kuendesha baiskeli ni kukifunga kile kiti kidogo kwenye keria na kukirudisha Chikongola. Mama alimwambia hana haja nacho, akiache huko kilikokamilika. Baba alikataa kabisa. Alijua sasa kwamba ni kitu kimoja, alijua jinsi kinavyopumzisha mguu, na bado alikigawa kwa mara ya pili, kwa makusudi, kwa sababu nyumba ni mbili. Hakuwahi tena kunyoosha mguu vizuri, si kwao wala si kwetu. Mimi nilikipokea pale mlangoni na nilifurahi mno. Sikufikiria goti lake hata dakika moja.

Baba, mama na mama mdogo, wote watatu sasa ni marehemu. Kiti kiko Majengo kwa Somoe, kigoda kiko Chikongola kwangu, na Mtwara imejaa majengo yenye vioo vitupu ambayo hakuna anayekwenda kuyashangaa. Mjukuu wangu anasomea uchoraji wa majumba. Alipokiona kigoda alishika kichwa, akatoa simu yake akanionyesha picha ya kiti cha namna ile, vyote viwili, katika chumba fulani cha Ulaya. Aliniambia kwamba aliyekibuni alitaka mtu apumzike mwili mzima, na kwamba sisi tumeishi na nusu nusu miaka yote hii. Nilimweleza habari ya zamu na ya samaki aliyepasuliwa. Alisikiliza kwa heshima, kisha akauliza ni nani basi aliyepumzika.

Somoe alikuja Idi iliyopita, kwa bajaji, magoti yake yamevimba kama la baba. Nilimvutia kigoda. Aliweka miguu, akafumba macho vilevile, na tulikaa hivyo hadi chai ikapoa. Alipoinuka kuaga alikitazama. Hakukiomba. Nami sikumpa, nikamshika mkono mpaka kwenye bajaji, nikarudi ndani na kukuta ngozi ingali na joto la miguu yake, na nikamwonea wivu kwa kuwa anarudi nyumbani kwenye mgongo na mikono ya kiti kile. Nimemzidi mama umri aliokuwa nao siku alipokunja ile kata ya khanga, nimemzidi mno. Juzi nilikipangusa vumbi, nikakitoa, nikakiweka mlangoni, tayari kwa safari ya Majengo. Bajaji zinapita kutwa, na kila inayopita hupunguza mwendo ikidhani naita.